Skrini ya 4K, picha ya 540: uchambuzi wa kisa kimoja cha DRM, kufuli la kidijitali linalolinda filamu

Mwenzangu mmoja anayefanya kazi ya uhariri nyumbani kwake alinieleza tatizo lililokuwa limemsumbua kwa wiki kadhaa. Alikuwa analipia kifurushi cha juu kabisa cha huduma ya video mtandaoni, kile kinachoahidi picha za 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160. Skrini yake kubwa ya mezani ilikuwa ya 4K, kompyuta yake mpakato haikuwa ya zamani, na mtandao wake ulimpa zaidi ya megabiti 80 kwa sekunde kila alipoupima, ilhali video ya 4K kwa kawaida huhitaji kati ya 15 na 25. Hata hivyo filamu zilikuja zimefifia. Manukuu, yale maandishi ya chini ya picha, yalikuwa makali na yenye kingo safi, lakini nyuso za waigizaji zilionekana kama zinatazamwa kupitia kioo chenye ukungu.

Tofauti hiyo kati ya manukuu na nyuso ilistahili kuzingatiwa tangu siku ya kwanza. Manukuu si sehemu ya video. Kicheza video huyachora chenyewe juu ya picha, kwa ubora wote ambao skrini inaruhusu. Yanapokuwa makali huku picha iliyo chini yake imefifia, maana yake ni kwamba skrini inafanya kazi ipasavyo na kwamba video yenyewe imeletwa ikiwa ndogo, kisha ikakuzwa ijaze nafasi. Hakuna aliyeliona hilo, nami nikiwamo, kwa sababu sote tulikuwa tumeelekeza macho kwenye mtandao.

Huduma kwa wateja nayo ilielekeza macho huko huko. Ilimtaka azime na kuwasha ruta, afute kumbukumbu za muda za kivinjari, apime kasi ya mtandao na kuituma. Alipokwisha kufanya yote hayo bila mafanikio, akashauriwa kuacha kivinjari alichokizoea na kutumia kile kinachokuja pamoja na mfumo endeshi wa kompyuta yake. Akafanya hivyo, na picha ikawa mbaya zaidi kuliko mwanzo. Alipolalamika, aliombwa atume picha ya skrini ili wataalamu waone tatizo. Akaipiga na kuituma, lakini faili aliyoituma ilikuwa na mstatili mweusi tu, na manukuu yakiwa yameelea katikati ya giza. Mfumo ule ule uliokuwa ukimnyima ubora ulikuwa umemzuia kuonyesha kwamba amenyimwa. Akarudi kwenye kivinjari chake cha zamani, akiwa na hakika kwamba kivinjari hakihusiki na jambo hili. Hakika hiyo ilikuwa na makosa, na ndiyo iliyochelewesha utatuzi kuliko kitu kingine chochote.

Jaribio la kwanza nililomwomba afanye lilikuwa rahisi. Afungue video ya 4K isiyo na ulinzi wowote, kwenye kivinjari kile kile na skrini ile ile, kisha aitazame kwa dakika chache. Ilicheza bila kukwama, na kila unywele ulionekana. Kwa jaribio hilo moja tulijua kwamba mtandao, kadi ya michoro, skrini na kebo vyote vina uwezo wa kubeba picha ya 4K. Video zote mbili zilipita njia moja, na tofauti kubwa iliyobaki kati yake ni kwamba moja ilikuwa imefungwa kwa ufunguo na nyingine haikufungwa.

Kisha tukafungua dirisha la takwimu ambalo kicheza video cha huduma hiyo hulificha nyuma ya mchanganyiko wa vitufe. Kwenye kivinjari alichokizoea, video ilikuwa ya pikseli 1280 kwa 720. Kwenye kivinjari cha mfumo endeshi, kikiwa kwenye skrini kubwa, ilikuwa 960 kwa 540. Kwa hesabu ya pikseli, picha ya 540 ni moja ya kumi na sita ya picha ya 4K. Mteja alikuwa analipia kumi na sita na kupewa moja, wala hapakuwa na ujumbe wowote kwenye skrini uliomwambia hivyo.

Ili kuelewa namba hizo zilitoka wapi, inabidi kufuata safari ya filamu kutoka kwenye seva hadi kwenye jicho. Filamu ya kutiririshwa haitumwi ikiwa faili moja. Hukatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande huandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora, kuanzia picha ndogo inayotosha simu yenye mtandao dhaifu hadi ile ya 4K. Vipande hivyo husimbwa, mara nyingi kwa mbinu ya AES yenye ufunguo wa biti 128, hivi kwamba mtu akivipakua jinsi vilivyo hapati chochote isipokuwa kelele za namba. Jambo muhimu katika kisa hiki ni kwamba kila kiwango cha ubora kinaweza kupewa ufunguo wake. Anayeshika funguo basi haamui tu nani aingie na nani abaki nje. Anaamua pia kila aliyeingia afike chumba kipi.

Mtazamaji anapobonyeza kitufe cha kucheza, kivinjari huikabidhi kazi moduli maalumu ya usimbuaji iliyo ndani yake, na moduli hiyo ndiyo huandika ombi la leseni. Ombi hilo hubeba, pamoja na mambo mengine, utambulisho wa kifaa na kiwango cha kuaminika kwake. Seva ya leseni hulisoma, hulilinganisha na masharti yaliyowekwa na wenye filamu, kisha hurudisha funguo pamoja na kanuni za kuzitumia: zitumike kwa muda gani, kwa ubora upi wa juu, na kwenye skrini za namna gani. Mifumo mitatu imetawala kazi hii: Widevine ya Google, PlayReady ya Microsoft na FairPlay ya Apple. Njia ya pamoja inayowezesha vivinjari kuzungumza na mifumo hiyo inaitwa EME. Shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliipitisha rasmi Septemba 2017 kwa kura ambazo asilimia 58.4 ziliunga mkono na asilimia 30.8 zilipinga, na siku hiyo hiyo EFF, taasisi inayotetea haki za watu mtandaoni, ikajiondoa kwenye shirika hilo kwa kupinga uamuzi. Nataja kura hizo kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kufuli hili limekuwapo kwenye wavuti tangu mwanzo, kumbe ni jambo lililobishaniwa vikali na kuamuliwa miaka mingi baada ya wavuti kuanza.

Sasa turudi kwenye 720. Widevine hugawa vifaa katika ngazi tatu. Katika ngazi ya kwanza, L1, kusimbua na kuchakata picha vyote hufanyika ndani ya sehemu ya chipu iliyotengwa, ambayo hata mfumo endeshi hauwezi kuchungulia. Katika ngazi ya pili, usimbuaji hufanyika ndani ya sehemu hiyo iliyotengwa lakini uchakataji wa video haufanyiki humo. Katika ngazi ya tatu, L3, kila kitu hufanywa na programu ya kawaida, na siri yote inategemea ufundi wa kuificha ndani ya msimbo wa programu hiyo. Vivinjari vingi vya kompyuta vinavyotumia Widevine huangukia ngazi ya tatu. Wenye filamu hawaiamini ngazi hiyo, na wana sababu: mnamo Januari 2019 mtafiti mmoja wa usalama alitangaza hadharani kwamba ameivunja. Huduma aliyokuwa akiitumia mwenzangu iliweka ukomo wa 720 kwa kivinjari cha namna hiyo. Angeweza kuwa na skrini bora kuliko zote duniani na mtandao wa gigabiti nzima, namba hiyo isingepanda.

Kivinjari cha mfumo endeshi kilikuwa na hadhi tofauti. Chenyewe kiliweza kutumia PlayReady iliyofungamanishwa na kadi ya michoro, ambayo huaminiwa hadi 4K. Kwa nini basi kilitoa picha mbaya zaidi?

Kuaminika kwa ngazi ya juu huja na masharti ya ngazi ya juu, na mojawapo linahusu kebo. Picha iliyokwisha kusimbuliwa ndani ya kompyuta hulazimika kusafiri hadi kwenye skrini, na katika safari hiyo mtu angeweza kuchomeka kifaa cha kurekodi. Kuzuia hilo kuna ulinzi mwingine uitwao HDCP, uliobuniwa na Intel, ambao huzungumza kati ya kompyuta na skrini: kila upande huthibitisha kwamba unatambuliwa, kisha picha husimbwa upya kwa ajili ya safari ya kwenye kebo. Kwa video za 4K, sharti la kawaida ni HDCP toleo la 2.2, ambalo kwa upande wa HDMI, ile kebo ya kawaida ya kuunganisha skrini, lilitoka 2013. Mazungumzo hayo hayahusu ncha mbili tu. Kila kifaa kilichosimama katikati lazima nacho kilijue toleo hilo, na kimoja kikishindwa, mnyororo wote unahesabiwa kuwa umekatika.

Mezani kwa mwenzangu kulikuwa na doki, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na kibodi, kebo ya mtandao na skrini kwa waya mmoja. Skrini ya 4K ilipita kwenye doki hiyo, na tundu lake la HDMI lilifahamu HDCP 1.4 peke yake. Pembeni palikuwa na skrini nyingine ndogo ya zamani, aliyoitumia kuweka kamusi wakati wa kazi, iliyounganishwa kwa VGA. VGA ni njia ya analogi, haina HDCP ya toleo lolote. Kompyuta ikaulizwa na mfumo wa leseni: je, njia zako zote za kutolea picha ziko salama? Ikajibu kwa ukweli kwamba haziko salama. Seva ikatoa ufunguo wa ubora unaoweza kuonyeshwa kwenye njia isiyolindwa, yaani 540, na ule wa 4K ukabaki kwenye seva.

Ndiyo maana kubadilisha kivinjari kulizidisha ubaya. Kivinjari cha kwanza kiliaminiwa kidogo, kikawekewa ukomo wa 720 bila kuulizwa maswali mengi kuhusu skrini. Cha pili kiliaminiwa sana, kikaulizwa maswali mazito, kikafeli. Vizuizi viwili vilikuwa vimesimama kimoja nyuma ya kingine, na aliyeondoa cha kwanza alikutana na cha pili kilicho kigumu zaidi, akahitimisha kwamba kile cha kwanza hakikuwapo. Mafundi wa fani nyingine wanaijua hali hii. Ugumu wake hapa unaongezwa na ukimya, maana kifaa kinachofeli ukaguzi wa HDCP hakisemi kwamba kimefeli. Hushusha picha tu na kuendelea kucheza, na mtazamaji huachwa alaumu mtandao, macho yake au uzee wa filamu.

Utatuzi ulichukua jioni moja. Tulichomoa VGA. Tukaacha doki na kupeleka kebo ya HDMI moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye skrini kubwa, na hapo tukapoteza karibu saa nzima kwa sababu picha haikupanda. Skrini hiyo ilikuwa miongoni mwa zile za 4K za kizazi cha mapema, na ilikuwa na matundu matatu ya HDMI yanayofanana kabisa kwa umbo, ambayo moja tu ndilo lililokuwa na HDCP 2.2. Maelezo hayo hayakuandikwa nyuma ya skrini. Tuliyapata ndani ya kitabu cha maelekezo, kwenye tanbihi ya jedwali. Tulipohamisha kebo na kufungua filamu kwenye kivinjari cha mfumo endeshi, dirisha la takwimu lilisoma 1920 kwa 1080. Kilichobaki ni kodeki ya HEVC, yaani programu ya kufungua video zilizobanwa kwa mbinu hiyo, ambayo haikuwa imesakinishwa. Ilipowekwa na kompyuta kuwashwa upya, namba zikawa 3840 kwa 2160.

Kulikuwa pia na tableti ya mtoto wake, ya bei nafuu, ambayo siku zote ilionyesha picha ya 480 licha ya kuwa na skrini nzuri. Hiyo haikuwa na dawa. Programu ya kukagua DRM ilionyesha kwamba mtengenezaji hakuithibitisha kwa ngazi ya L1, na mmiliki hawezi kuipandisha ngazi baada ya kuinunua.

Ni haki kuuliza kama adha yote hii ina faida kwa upande wa wanaoilazimisha. Sina shaka kwamba huduma ya kukodisha filamu kwa mwezi haiwezekani bila udhibiti wa aina fulani. Kama kila aliyelipa mara moja angeweza kuweka nakala za maktaba yote, hakuna ambaye angelipa mwezi wa pili. Masharti ya HDCP na ya ngazi za kuaminika huwa ndani ya mikataba ya leseni kati ya wenye filamu na huduma, na huduma ikikataa hainunui filamu. Kwa hiyo kuilaumu huduma kwa kuwapo kwa kufuli ni kumlaumu bawabu kwa ukuta ambao hakuujenga.

Ila kufuli lenyewe limeshindwa kazi iliyowekewa. Ufunguo mkuu wa HDCP ya matoleo ya kwanza ulivuja mtandaoni mnamo 2010, na Intel ikakiri kwamba ni wa kweli. Nakala haramu za filamu, zikiwamo za 4K, huonekana mapema baada ya filamu kutolewa, kwa kuwa anayezitengeneza anahitaji kufaulu mara moja tu, sehemu moja tu duniani, na baada ya hapo nakala yake haina leseni, haina HDCP wala haijali tundu gani la HDMI limetumika. Anayebaki kupambana na ukaguzi kila jioni ni yule aliyelipa. Naye hana njia halali ya kulikwepa kufuli hilo hata kwa ajili ya kutazama kile alichokilipia: sheria ya Marekani ya 1998 iitwayo DMCA, katika kifungu chake cha 1201, inakataza kuvunja ulinzi wa kiteknolojia, na Umoja wa Ulaya uliweka katazo la namna hiyo katika agizo lake la 2001. Zote mbili zinatokana na mkataba wa 1996 wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia hakimiliki. Kuna vifaa vidogo sokoni vinavyopokea picha yenye HDCP na kuitoa ikiwa haina, na mwenzangu aliulizia. Nilimweleza kwamba kifaa cha namna hiyo kingemweka upande usiofaa wa katazo hilo, na akaacha.

Ninachokiona kuwa kosa la huduma yenyewe, lisiloweza kusukumiwa wenye filamu, ni ukimya. Kompyuta ilijua kwamba ukaguzi wa HDCP umefeli. Seva ya leseni ilijua kwamba haikutoa ufunguo wa 4K. Kicheza video kilijua kwamba akaunti ni ya kifurushi cha juu na kwamba picha inayotolewa ni 540. Mstari mmoja wa maandishi kwenye kona ya skrini, ukisema kwamba skrini mojawapo iliyounganishwa hairuhusu ubora huu, ungemwokolea mteja wiki kadhaa, na ungewaokolea wahudumu mazungumzo yote ya kuzima na kuwasha ruta. Sijui mkataba wowote ambao ungevunjwa na mstari huo. Masharti ya matumizi yalitaja, mahali fulani katikati, kwamba ubora hutegemea kifaa, na mtu akisoma maneno hayo huelewa ukubwa wa skrini, si tundu la tatu la HDMI. Mtoa huduma anayeuza vifurushi kwa kigezo cha ubora wa picha, huku akiwa na uwezo wa kuona kila sekunde kwamba ubora huo haufiki, anachukua malipo ya kitu anachojua hakikutolewa.

Mwenzangu aliishi na mpangilio mpya kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Kila alipotaka kutazama filamu jioni alilazimika kuchomoa doki, kuzungusha skrini ili alifikie lile tundu moja, kuunganisha kebo ya pili, na asubuhi kurudisha kila kitu ili afanye kazi. Kununua doki mpya yenye HDCP 2.2 kungetatua nusu ya tatizo, lakini skrini ndogo ya kamusi ingebaki kuwa kizuizi, nayo haikuwa na kasoro yoyote kwa kazi aliyoinunulia. Mwishowe alishuka hadi kifurushi cha ubora wa 1080, akawa anatazama filamu kwenye skrini ya kompyuta mpakato yenyewe, ambayo ina pikseli 1920 kwa 1080 na hufaulu ukaguzi bila kuulizwa chochote. Doki na VGA sasa anavichomoa tu kabla ya kubonyeza kitufe cha kucheza.